Kadude ka elfu 30 na masega yaliyopotea

Taa iliniwakia Ubungo, foleni ya asubuhi, watoto wako nyuma wanagombania dirisha, moyo ukanipiga paa. Kila mwenye gari Dar anaijua ile taa ya njano yenye mchoro wa injini, cheki injini, ikiwaka tu unaanza kuhesabu hela hata kabla hujafika kwa fundi. Gari yenyewe Toyota Rumion ya 2010, haitikisiki, haijapoteza nguvu, inatembea kama jana na juzi. Nikasema labda itazima yenyewe. Haikuzima.

Nikaenda gereji moja ya karibu na kazini, wana tableti kubwa nzuri, kijana akachomeka, akasoma, akaniambia dada oksijeni sensa imekufa, code, yaani namba ya hitilafu, ni P0420. Sensa pamoja na ufundi ikanitoka laki na themanini. Taa ikazimwa, nikashukuru, siku ya nne niko Kimara Mwisho narudi nyumbani ikawaka tena. Nikaenda gereji nyingine, wakaniambia ni mafuta machafu, wakaifuta code, elfu 30. Wiki haijaisha imerudi. Yaani nilikuwa nalipa mtu anizimie taa, sio anitengenezee gari, na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na namna yoyote ya kujua nani anasema kweli. Mwanamke ukisimama pale gereji unaangalia chini ya boneti unaambiwa "dada kaa tu pale kwenye kiti tukuite", basi unakaa.

Mfanyakazi mwenzangu ndo akanitoa gizani. Akaniambia shuka Kariakoo kanunue kale kadude ka Bluetooth ka kupimia gari, kachomeke mwenyewe, usome kwa simu yako. Nikanunua elfu 30. Kadogo, kanalingana na kiberiti, kanachomekwa kwenye soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani, juu kidogo ya pale mguu unapokaa kwenye pedeli. Ukiinama na tochi ya simu utaiona tu. Unawasha swichi, unaunganisha simu, inakuomba namba ya siri ambayo karibu zote ni 1234 au 0000, unafungua apu, tayari unaongea na kontroboksi, ile kompyuta inayoendesha injini ya gari yako.

Na ni maongezi kweli, sio mfano wa maneno. Ile apu ina sehemu unaweza kuandika swali kwa mkono, mimi nikaandika 010C, maana yake nipe mzunguko wa injini kwa dakika. Gari ikajibu 41 0C 0B B8. Hizo mbili za mwisho ni namba za kikompyuta, ukizibadilisha unapata 3000, unagawa kwa nne, 750. Nikaangalia dashibodi, mshale wa mzunguko uko palepale kwenye 750. Nilikaa kwenye gari usiku ule nje ya nyumba kama nusu saa nikiuliza joto la maji, hewa inayoingia, mafuta yanayoongezwa na kupunguzwa, mpaka mume wangu akatoka kuuliza kama niko salama.

Hii kitu haikuanzishwa kwa ajili yetu tusumbuane na mafundi, ilianzishwa kwa ajili ya moshi. Los Angeles ilikuwa na ukungu wa kuwasha macho tangu miaka ya 1940, na mwanakemia mmoja, Arie Haagen-Smit, ndiye aliyeonyesha kwamba unatokana na mafuta yasiyoungua na gesi za naitrojeni zikipigwa na jua. California wakaanza kuyabana magari, na baadaye wakasema haitoshi gari iwe safi siku ya kutoka kiwandani, lazima ijichunguze yenyewe kila siku na iwashe taa ikianza kuchafua. Kuanzia magari ya 1996 Marekani yote ikawa ni lazima yawe na soketi ileile na lugha ya code ileile, Ulaya wakafuata kwa magari ya petroli 2001. Kwa hiyo ile taa ya njano unayoichukia kazi yake ya kwanza ni kukwambia hewa unayoacha nyuma yako imeharibika. Mimi nimeendesha gari miaka kumi na moja sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Sasa turudi kwa P0420 yangu. Maana yake sio sensa imekufa. Maana yake ni kwamba masega hayafanyi kazi kwa kiwango kinachotakiwa. Masega, kwa asiyejua, ni kile kitofali cha kauri ndani ya kopo la eksozi chenye vitundu vingi vidogo kama nyumba ya nyuki, kimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Yakishika moto wa kama nyuzi 300 hivi, yanageuza ile gesi ya sumu ya monoksaidi kuwa kaboni daioksaidi, yanamalizia kuunguza mafuta yaliyoponyoka, na zile gesi za naitrojeni yanazirudisha kuwa naitrojeni ya kawaida. Kuna sensa mbili za kupima oksijeni kwenye moshi, moja kabla ya masega na moja baada. Ya mbele inafanya kazi ya kurekebisha mafuta muda wote. Ya nyuma ni mlinzi tu, inaangalia kama masega yamefanya kazi, na masega yakiwa mazima yanafyonza na kuachia oksijeni kiasi kwamba ile sensa ya nyuma inatulia, volti zake zinakaa kama 0.6 au 0.7 na kusogea polepole.

Nikafungua grafu ya ile sensa ya nyuma. Gari ina joto kamili, nimeshikilia mafuta mzunguko 2,500, simu nimeiegemeza kwenye usukani. Mstari haukutulia hata sekunde mbili. Unashuka 0.1, unapanda 0.8, unashuka, unapanda, kama meno ya msumeno. Na sensa yenyewe mpya, nimeinunua wiki tatu zilizopita kwa hela yangu! Sensa mbovu haiwezi kucheza vizuri namna ile, ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa kabisa, inasema kweli, ila hakuna aliyeisikiliza.

Jumamosi nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa Tabata ambaye mume wangu anamwamini, nikamwonyesha grafu kwenye simu. Mzee hakusema kitu, akavaa miwani, akaiangalia muda, akaniambia ingiza gari kwenye shimo. Akashuka na nyundo ya mpira, akagonga kopo la masega. Likalia kama debe tupu. Akaniita nishuke nisikie mwenyewe, akagonga tena, akaniambia, "Mama, humu ndani hamna kitu. Waliyatoa wakafunga tena kopo." Alinionyesha na alama ya kuchomelea, mstari mpya unang'aa kuzunguka kopo la zamani lenye kutu.

Ikabidi nikumbuke. Miezi kama mitano nyuma nilipeleka gari sehemu, eksozi ilikuwa inapiga kelele, nikaiacha asubuhi nikaichukua jioni. Ni huko. Siwezi kuthibitisha na sitataja mtu, lakini kabla ya siku ile taa haikuwahi kuwaka na baada yake ndo shida zikaanza. Masega yana soko, kuna watu wanazunguka kabisa kununua ya zamani kwa sababu ya yale madini, na mwenye gari hajui kwa sababu gari haizimi wala haikosi nguvu, tena wengine wanasifia eti imekuwa nyepesi. Hiyo ndo inafanya wizi huu uwe rahisi, kilichoibiwa kinamuumiza mtu aliye nyuma ya gari yako, sio wewe uliye ndani.

Kuna jambo lingine linaniudhi hata zaidi ya wizi. Nilipouliza uliza bei za masega, sehemu tatu tofauti waliniambia dada usihangaike, tutakuwekea spesa. Spesa ni kabomba kadogo kanafungwa kati ya sensa ya nyuma na eksozi ili sensa ikae mbali kidogo na moshi, isione vizuri, ikatulia yenyewe na taa ikazima. Elfu 40 mpaka 50 umemaliza. Mwingine akasema anaingia kwenye kontroboksi na kuifuta kabisa ile code isiwepo milele. Naelewa kwa nini watu wanakubali, masega yaliyotumika ya gari yangu nimeyapata maduka ya spea ya eneo la Gerezani kwa laki nne na nusu na hiyo ni baada ya kubembelezana, sio hela ndogo kwa mtu mwenye ada za shule. Lakini nililipa. Mwanangu wa pili ana pumu, tunakaa karibu na barabara, nimeshalala naye hospitali nikimshikilia ile barakoa ya mvuke usoni. Siwezi kumnunulia mtoto dawa ya kuvuta halafu asubuhi nikawasha gari isiyo na masega mlangoni kwake.

Mzee alipomaliza kufunga nikachomeka kadude palepale juu ya shimo. Tukasubiri ipate joto. Mwanzoni mstari ukarukaruka kidogo, halafu ukaanza kupungua kasi, ukapanda 0.65 ukakaa. Mzee akasogeza miwani akasema eeh, hapo sawa. Sijawahi kufurahia mstari ulionyooka kiasi kile.

Tangu hapo watu ofisini wanakuja na magari yao, na nimejifunza kitu kimoja kikubwa, code ni malalamiko ya mgonjwa, sio ugonjwa. Mgonjwa akisema kichwa kinauma humkati kichwa. Mfano mwenzangu ana Nissan X-Trail, code P0171, yaani injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Alishaambiwa anunue sensa ya hewa, na nyingine wakamwambia pampu ya mafuta. Nikaangalia ile asilimia ya masahihisho ya mafuta, yaani kontroboksi inaongeza au kupunguza mafuta kiasi gani, gari ikiwa imesimama kwenye silensi, hujakanyaga mafuta, inasoma jumlisha 22, ukikanyaga mpaka 2,500 inashuka jumlisha 6. Hiyo tofauti ndo inaongea. Kama pampu ingekuwa dhaifu, hali ingezidi kuwa mbaya unapodai mafuta mengi, ila hii inapona ukikanyaga, maana yake kuna hewa inapenya kisirisiri mahali baada ya sensa, na ile hewa ya wizi ni kiasi kilekile, injini ikivuta hewa nyingi inakuwa sehemu ndogo tu. Tukafungua boneti tukatega sikio, kuna mpira wa hewa umepasuka upande wa chini pale usipoonekana, unapiga mluzi kabisa. Mpira elfu 15. Alikuwa ameshaanza kuchangisha hela ya sensa.

Nisiwadanganye kwamba kila gari linakubali. Shemeji yangu ana Toyota IST ya 2003, kadude kakawaka taa, simu ikaunganika, apu ikazunguka weee mpaka ikakata tamaa. Magari mengi ya soko la ndani la Japani ya miaka ile yana soketi ileile ya matundu 16 lakini lugha ni ya kwao. Tukahangaika siku mbili mpaka tukakuta maelekezo ya kuingiza amri za kuanzishia kwenye mipangilio ya apu, ATIB 96 na ATIIA 13, ya kwanza inakaambia kadude kaongee kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde na ya pili inakapa anwani ya kubisha hodi. Ndo ikafungua mlango, na hata hapo inasoma polepole, namba zinabadilika kwa kujivuta, wakati Rumion yangu inayotumia njia mpya ya CAN inamwaga data mfululizo. Kwa hiyo kama gari yako ni ya zamani ya Kijapani kopa kadude kwa mtu ujaribu kwanza kabla hujanunua.

Na kununua kwenyewe kuna mtego. Chipu halisi, ELM327, ilitengenezwa na kampuni ya Canada inaitwa Elm Electronics, toleo la kwanza likanakiliwa na dunia nzima. Kariakoo utaambiwa chukua hii toleo 1.5 ndo nzuri. Elm hawakuwahi kutoa toleo 1.5, hiyo namba ni ya wanakili wenyewe, ila cha ajabu nyingi za 1.5 zinafanya kazi vizuri kuliko zile zilizoandikwa 2.1 ambazo amri kibao zimepunguzwa, ndo maana ukijaribu zile amri za IST zinakujibu alama ya kuuliza. Mwenye iPhone ajue hizi za Bluetooth za bei rahisi nyingi hazimkubali, inabidi achukue ya waifai au ile Bluetooth mpya inayotumia umeme kidogo, na ile ya waifai ina usumbufu wake, simu ikishajiunga nayo inadhani imepata intaneti, meseji haziingii mpaka uichomoe.

Usikaache kamechomekwa. Tundu namba 16 la ile soketi lina umeme wa betri muda wote hata ukitoa funguo. Kangu nilikapima na mita, kanakula karibu miliampea 40 hata simu ikiwa haipo. Inaonekana kidogo ila kwa siku nzima ni karibu ampea-saa moja, tulisafiri wiki mbili kwenda msibani Moshi kwa basi, tukarudi gari haiwaki, inalia tik tik tu. Tukaomba jirani atubusti.

Halafu kuna usalama. Namba ya siri 1234 maana yake yeyote aliyepaki pembeni yako anaweza kujaribu kuunganisha. Vile vyenye laini ya simu ndani, vya kufuatilia gari, ni vya kuchunga zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha California, San Diego, walichukua kifaa cha aina ile ambayo kampuni za bima zinatumia, kikiwa kimechomekwa kwenye gari aina ya Corvette, wakakitumia meseji za simu, wakawasha waipa na wakaingilia breki. Kwa meseji! Kwa hiyo mtu akikwambia weka hiki kifaa kwenye gari yako bure, muulize kinaongea na nani na nani anaweza kukiamrisha.

Sasa suala la moshi wenyewe, manake apu nyingi zina geji nzuri imeandikwa CO2 na watu wananitumia picha wakisema gari yangu safi. Ile namba haitoki kwenye eksozi. Apu inajua hewa kiasi gani imeingia, inakadiria mafuta, inazidisha, basi. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za kaboni daioksaidi hata uwe na gari ya rais, kwa hiyo Rumion yangu ikienda kilomita 11 kwa lita ni kama gramu 210 kwa kilomita. Ile siku masega hayapo namba ilikuwa ileile. Monoksaidi, mafuta yasiyoungua, gesi za naitrojeni, masizi, hivyo vyote kadude hakavioni, kanasoma tu yale ambayo kontroboksi inayaamini. Ukitaka kuvijua ni mpaka mashine ya kupima gesi, ile unayoingiza mrija kwenye mdomo wa eksozi.

Na kontroboksi inaweza kufundishwa kudanganya. Tarehe 18 Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen waliweka programu kwenye magari ya dizeli inayotambua kama gari iko kwenye kipimo, ikiwa kipimoni inasafisha, ikiwa barabarani inaachia. Magari kama milioni 11 duniani. Taa ya cheki injini haikuwasema. Waliowaumbua ni watafiti wa chuo kikuu cha West Virginia waliofunga mashine ya kupimia nyuma ya gari wakaendesha barabarani kama watu wa kawaida. Ndo maana spesa inaniuma, ni udanganyifu uleule, tofauti ni kwamba ule ulifanywa na wahandisi kwa mamilioni ya magari na huu tunafanyiana sisi kwa sisi moja moja kwa elfu 50.

Wenzetu wamefika mbali. California tangu 2015 magari ya petroli ya mwaka 2000 na kuendelea kwa kawaida hayawekewi tena mrija kwenye eksozi, wanachomeka waya wanasoma kontroboksi, Oregon wanaruhusu hata majibu yatumwe kwa mtandao gari isikanyage kituo cha serikali, na Ulaya kanuni ya Euro 7 iliyopitishwa 2024 inataka gari lenyewe lifuatilie moshi wake likiwa barabarani. Naipenda hiyo ndoto. Ila ukisimama Kimara Mwisho saa kumi na mbili jioni ukaangalia nani anatoa ule moshi mweusi unaokaa kooni, ni lori la mchanga, ni daladala iliyozeeka, na ile pikipiki ya bluu nyuma yake, na nyingi hapo kadude hakawezi kuzisoma. Ukitegemea kadude peke yake utawabana wenye Rumion na Vitz na kuwaacha wanaochafua kweli.

Mimi kama ningeulizwa, ningeanza na vitu viwili. Ukaguzi wa gari uwe na swali moja la lazima, masega yapo? Kugonga na kuangalia, dakika mbili, pamoja na kuchomeka kadude kwa gari linalokubali. Na kwa malori na daladala kuna kifaa alichobuni Donald Stedman na wenzake chuo kikuu cha Denver miaka ya 1980, kinapitisha mwanga usioonekana kukatiza barabara, gari likipita tu moshi wake unapimwa, halijui wala halisimami. Hakijali gari ni la mwaka gani wala lina lugha gani. Mafuta yenyewe yameshaboreshwa, madini ya risasi kwenye petroli yaliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na hiyo ndo iliyofanya masega yaweze kuishi huku kwetu manake risasi ilikuwa inayaua, dizeli nayo nchi za Afrika Mashariki zikakubaliana ishuke mpaka sehemu 50 za salfa kwa milioni tangu 2015. Yaani tumeshalipia mafuta mazuri, halafu tunang'oa kile kitu mafuta mazuri yaliwekwa kukilinda.

Kuna kitu kimoja nilikuwa sijamaliza kuelezea. Ukifuta code, gari inafuta na kumbukumbu ya uchunguzi wake wote, inaanza upya kujipima sehemu moja moja, na kwenye apu utaona orodha, misfaya (injini kukosa kuwasha mafuta) tayari, mafuta tayari, masega bado. Fundi akikufutia taa leo, angalia hiyo orodha, ikiwa "bado" zimejaa ujue gari haijatangazwa nzima, imenyamazishwa tu. Na kile kipimo cha masega kinataka mwendo uliotulia wa muda, bila kukanyaga breki kila dakika, kitu ambacho kati ya Kimara na Posta hakipo. Nilikaa wiki tatu na ile "bado". Kila jioni naangalia, bado. Nikaanza kuwa na wasiwasi labda masega niliyouziwa nayo yamechoka.

Mwisho wa mwezi tukaenda Morogoro kumsalimia mama mkwe. Tulipovuka Mlandizi barabara ikafunguka, nikashika 80 nikakaa hapohapo, watoto wamelala, mume wangu ndo anashika simu. Chalinze tukasimama kununua maji na nanasi. Nikamwambia hebu fungua ile orodha. Akasoma moja moja kwa sauti, misfaya tayari, mafuta tayari, sensa tayari, joto la sensa tayari, akanyamaza kidogo, akanigeuzia simu nisome mwenyewe. Masega, tayari. Taa imezima, hakuna code, hata zile zinazosubiri kuthibitishwa hakuna. Nikainama nikakachomoa kadude, kalikuwa kamepata joto, nikakatia kwenye droo ya dashibodi, tukaendelea na safari.